Anti Nijibu: Kwani Msomaji wa Guardian ni Mtu wa Aina Gani?

Safari hii kurasa nimewapa wadau wetu mlioko Uingereza, manake tangu uchaguzi wao wa 2024 kila barua nikifungua nakuta swali linazunguka magazeti, nani anasoma lipi, na kwanini Mwingereza akisikia tu jina la gazeti lako anajiona ameshajua unampigia kura nani, unakaa mtaa gani na unakula nini. Zinazofanana nimeziunganisha. Kuna majibu marefu na kuna mafupi, kila swali limepata linachostahili.

Shikamoo Anti. Niko Leeds, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Juzi tupo mapumziko nikasema hawa wenzetu waliokuja kwa viza ya kazi wanaonewa, viza imewafunga kwa mwajiri mmoja kwahiyo akiwanyanyasa wanaogopa kusema. Mwenzangu mmoja, Mwingereza, akacheka akasema "haya, msomaji wa Guardian kashaanza" na wote wakaangua kicheko. Mimi hilo gazeti sijawahi kulinunua hata siku moja. Ni utani au nilitukanwa? — Mlezi, Leeds

Marahaba mwanangu, na pole na kazi, kulea wazee wa watu sio kitu kidogo. Alikutania, ila ndani ya utani kulikuwa na kijembe, na hicho kijembe ni cha zamani sana ndo maana wote walicheka bila mtu kuelezwa chochote.

Magazeti ya kitaifa ya Uingereza ni mengi na yanasambazwa nchi nzima, kwahiyo toka zamani kila moja lilibidi litafute watu wake, wa kipato fulani na elimu fulani na chama fulani, likawa linawaandikia hao hao kila siku. Ikafika mahali gazeti likawa kama jezi, ukipanda treni asubuhi umelikunja kwapani watu wameshajua uko upande gani kabla hujafungua mdomo. Guardian ni la Manchester, lilianzishwa 1821, miaka miwili baada ya wanajeshi wa farasi kuvamia umati uliokuwa unadai haki ya kupiga kura katikati ya mji huo, watu wakauawa, tukio wanaloliita Peterloo. Likakua likawa sauti ya waliberali, baadaye ya watu wa mrengo wa kushoto. Sasa picha ya msomaji wake kwenye vichwa vya Waingereza ni hii: mwalimu au mhadhiri au ofisa ustawi wa jamii, anakaa London ya kaskazini, anaendesha baiskeli, kavaa makubazi, anakula dengu na tofu (soya iliyogandishwa, chakula cha wasiokula nyama), anatetea wahamiaji na mazingira, na ana maisha mazuri kiasi kwamba sera anazozipigania haziwezi kumuumiza yeye mwenyewe. Hapo mwishoni ndo penye sindano. Wanachosema ni kwamba huruma yako ni ya mtu aliyeshiba.

Na usidhani ni maneno ya wafanyakazi kwenye mapumziko tu. Oktoba 2022 Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, alisimama bungeni kwenye mjadala wa muswada kuhusu maandamano, akawalaumu wapinzani pamoja na watu aliowaita wasomaji wa Guardian na walaji wa tofu kwamba ndo chanzo cha wanaharakati kufunga barabara. Waziri kamili, ndani ya bunge, gazeti na chakula vimetumika kama hoja. Kesho yake akajiuzulu kwa jambo lingine kabisa, la kutuma nyaraka kwa barua pepe binafsi, na ndani ya wiki waziri mkuu mpya akamrudisha kwenye kiti kile kile, ila maneno ya tofu yamebaki hadi leo.

Wenzake Guardian nao wana picha zao. Daily Telegraph wanaliita Torygraph kwa kuunganisha na Tory, jina la utani la chama cha Conservative, kile cha mrengo wa kulia, na msomaji wake anachorwa ni mstaafu wa jeshi au benki, ana nyumba kijijini na mbwa wawili, anaandika barua za kulalamika, na kuna hadi mji wake, Tunbridge Wells kule Kent, ambao watu wakiutaja wanamaanisha huyo mzee aliyechukizwa na kila kitu. Daily Mail ni la watu wa kati wa nje ya London, wana wasiwasi na bei ya nyumba, wahamiaji na saratani. Sun ni la fundi, kibarua, dereva wa kigari cheupe cha mizigo. Mirror ni la mfanyakazi wa Labour, chama kikubwa cha mrengo wa kushoto, na gazeti hilo halijabadilisha chama tangu 1945. Times ni la wakubwa serikalini na wanaotaka kuonekana wakubwa. Express watu wanasema ni la wazee wanaoikumbuka Uingereza ya zamani. Financial Times, lile la karatasi ya rangi ya pinki, ni la mabenki.

Je kuna ukweli? Upo, na mimi siwezi kukuficha. Baada ya uchaguzi wa 2017 kampuni ya kura za maoni ya YouGov ilipanga wapiga kura kwa gazeti wanalosoma, wakakuta wasomaji wa Guardian asilimia 73 walipigia Labour na asilimia 8 tu Conservative, na wasomaji wa Telegraph asilimia 79 walipigia Conservative. Hayo ni matabaka kweli kweli. Lakini angalia hapo hapo wasomaji wa Sun, gazeti lililoandika vibaya kuhusu Labour kampeni nzima, asilimia 30 waliipigia Labour, yaani karibu mtu mmoja kati ya watatu kwenye hivyo vigari vyeupe. Na Financial Times ambalo kila mtu anajua ni la mabepari, asilimia 40 Conservative na 39 Labour, karibu sare, na ukitaka kushangaa zaidi gazeti hilo hilo 1992 liliwaambia wasomaji wake waichague Labour ya Neil Kinnock, ambayo ikashindwa.

Sasa turudi kwa mwenzako. Kitu kinachonikera mimi, na nasema kwa uchungu, ni kwamba wewe ulisema jambo unalolijua kwa macho yako, unafanya kazi na hao watu, unajua mwajiri akikasirika nani anatetemeka, halafu hakuna aliyekujibu kama ni kweli au uongo. Jina la gazeti lilitumika kufunga mjadala. Hiyo ndo kazi kubwa ya hizi picha za wasomaji, mtu anapewa ruhusa ya kutokusikiliza. Na wewe hata mshahara wa mtu wa makubazi na tofu huna, unalipwa kima cha chini kama huyo mwenzako aliyecheka, kwahiyo hata hiyo sindano ya kushiba ilikosa mwili. Akirudia tena mwulize kwa upole tu, "gazeti tuliache, nilichosema kuhusu viza ni kweli au si kweli?" Halafu nyamaza, msubiri ajibu.

Mambo Anti. Nipo Liverpool, nasoma chuo mwaka wa pili. Hapa dukani Sun halionekani kirahisi, na mwenye nyumba wangu, mzee mstarabu sana, alishaniambia siku nikiingia na hilo gazeti nitafute pa kulala. Alafu darasani profesa anasema Sun ndo linaamua nani awe waziri mkuu. Mbona sielewi, gazeti linachukiwa hivi linawezaje kuamua? Na hivi ni gazeti linabadilisha msomaji au msomaji anachagua gazeti? — Kijana wa Siasa

Poa kijana wangu. Kwanza huyo mzee muelewe kabla ya siasa yoyote, na tafadhali kwenye hilo usimtanie.

Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool walikuwa wanacheza nusu fainali ya kombe la FA na Nottingham Forest kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wakabanwa kwenye vizimba vya jukwaani, na vifo vilivyotokana na siku ile vimefika 97. Siku 4 baadaye Sun likatoka na kichwa cha habari kikubwa ukurasa wa kwanza kikidai ni ukweli, chini yake wakaandika kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti mifukoni na kuwakojolea polisi. Ilikuwa uongo. Familia zikahangaika miaka na miaka, ripoti ya jopo huru ikatoka 2012 na hapo ndo gazeti likaomba radhi ukurasa wa kwanza, na 2016 baraza la wazee wa mahakama likasema wale watu waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Kwahiyo huyo mwenye nyumba wako anabeba msiba, inawezekana kabisa anamjua mtu aliyekufa pale au aliyetoka hai akiwa amekanyaga wengine. Mji mzima uligoma kulinunua, na wengi wanagoma mpaka leo.

Tukija kwa profesa wako. Sun lina historia ambayo wengi wanaolisema vibaya hawaijui. Mzazi wake ni Daily Herald, gazeti lililokuwa la vyama vya wafanyakazi, la kushoto kabisa, 1964 likabadilishwa jina likawa Sun, na 1969 Rupert Murdoch, mmiliki wa magazeti kutoka Australia, akalinunua likiwa linapoteza hela. Wasomaji wale wale wa viwandani na bandarini, watu ambao baba zao walikuwa Labour, ndo waliohamishiwa taratibu kwa Margaret Thatcher wa Conservative 1979. Aprili 1992 Conservative waliposhinda uchaguzi ambao wengi walidhani watashindwa, Sun likajitangazia ukurasa wa mbele kwamba ni wao ndo wameleta ushindi. Miaka mitano baadaye, 1997, likahamia kwa Tony Blair wa Labour. Blair mwenyewe 1995 alikuwa amesafiri mpaka kisiwani Australia kwenda kuhutubia mkutano wa wakubwa wa kampuni ya Murdoch, mtu anayetaka uwaziri mkuu wa Uingereza anavuka dunia kwenda kumuona mwenye gazeti, hebu fikiria hiyo nguvu. 2009 likarudi Conservative, na 2024 siku moja kabla ya kura, wakati kila mtu anajua Labour inashinda, likasema chagueni Labour.

Ukiangalia vizuri hapo utaona ni gazeti linalopenda kusimama na anayeshinda. Mfano ninaoupenda ni wa 2015, siku moja, kampuni moja, Sun la Uingereza linawaambia watu wachague Conservative, na Sun la Uskochi linawaambia wachague SNP, chama kinachotaka kuivunja hiyo Uingereza yenyewe. Huwezi ukaniambia hiyo ni imani. Hiyo ni kujua mteja wako wa Glasgow, Uskochi, anataka kusikia nini na wa Essex, England, anataka nini.

Lakini sikubaliani na wanaosema magazeti hayana nguvu kabisa na msomaji anajichagulia tu. Watafiti wamefuatilia watu wale wale kabla na baada ya Sun na magazeti mengine machache kuhamia kwa Blair 1997, wakakuta wasomaji wa magazeti hayo walisogea Labour zaidi kuliko watu wanaofanana nao wasiosoma, na makadirio yao ni kati ya asilimia 10 na 25 ya wasomaji. Na huo mji unaokaa umetoa ushahidi mwingine, utafiti uliotoka 2022 uliangalia Merseyside, yaani Liverpool na miji ya jirani, baada ya mgomo wa Sun, wakakuta chuki dhidi ya Umoja wa Ulaya ilipungua huko kulinganisha na maeneo mengine yaliyobaki na gazeti lao. Watu wa kazi zile zile, mishahara ile ile, tofauti kubwa ni kwamba wengine walikuwa wanasoma kila asubuhi kwamba Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ni adui na wengine wameacha. Kwahiyo jibu langu ni kwamba yote mawili yanatokea, unachagua gazeti linalofanana na wewe halafu taratibu wewe unaanza kufanana na gazeti, ila haliwezi kukubeba mpaka popote linapotaka. Likidanganya kuhusu ndugu zako waliokufa unalitupa.

Kitu kimoja nikuombe, ukiwa chuoni utasikia wasomi wakimtaja msomaji wa Sun kama mtu asiyefikiri. Kuna mgawanyo wa herufi A, B, C1, C2, D na E unaowapanga watu kwa kazi zao, A ndo wa juu na E wa chini, ulienezwa na utafiti wa wasomaji wa magazeti ili wenye matangazo wajue wanamuuzia nani, na mpaka leo kampuni za kura za maoni zinautumia kuzungumzia siasa. Nikisikia mtu mwenye digrii tatu anasema hawa C2 hivi na hawa D vile naumia, manake hao ndo wanaomfungia bomba na kumlea mama yake, na nimeshakuonyesha hapo juu kwamba kura zao hazitabiriki kirahisi kama za profesa.

Anti shikamoo, naomba jibu la haraka. Nimechumbiwa na Mwingereza, mwezi ujao nakwenda kuwasalimia wazazi wake kwa mara ya kwanza. Rafiki zangu wameniogopesha, wanasema kama baba mkwe anasoma Daily Mail basi anachukia watu weusi na nijiandae. Mchumba wangu anasema baba yuko poa, anapenda bustani tu. Nimuamini nani? — Binti wa Coventry

Marahaba mama. Muamini mchumba wako, ila na yeye mpe kazi, nitaisema hapo chini.

Rafiki zako hawajaota. Daily Mail lina rekodi. Lilianzishwa 1896 na Alfred Harmsworth, likauzwa nusu peni wakati mengine yanauzwa peni moja, likawalenga makarani na wake zao, watu waliokuwa wamejifunza kusoma shuleni na hakuna aliyekuwa anawaandikia. Mpaka leo linajulikana kwa kuwa na wasomaji wengi wanawake, jambo ambalo wanaolichora kama gazeti la wababa wenye hasira wanalisahau. Januari 1934 mwenye gazeti, Lord Rothermere, aliandika makala ya kuwashangilia wafuasi wa Oswald Mosley, mafashisti wa Uingereza wenye mashati meusi, na watu hawajasahau. Novemba 2016 majaji watatu waliposema serikali lazima ipitie bungeni kabla ya kuanza kutoka Umoja wa Ulaya, Mail likaweka picha zao mbele likawaita maadui wa wananchi. Na kuhusu wahamiaji, wewe mwenyewe unaona vichwa vya habari.

Lakini kuna kingine. Aprili 1993 kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alichomwa kisu na kundi la vijana weupe kituo cha basi Eltham, London, na polisi wakaboronga upelelezi. Februari 1997 Daily Mail, hilo hilo, liliweka picha na majina ya vijana watano ukurasa wa mbele likawaita wauaji, likasema kama tumekosea tushitakini. Hakuna aliyeshitaki. Uchunguzi wa jaji mstaafu Macpherson ukafuata, ripoti yake 1999 ikasema kikosi cha polisi cha London kina ubaguzi wa rangi ndani ya mfumo wake, na Januari 2012 wawili kati ya hao watano wakafungwa kwa mauaji. Mhariri wa Mail wakati ule, Paul Dacre, alikuwa anamfahamu baba yake Stephen, mzee Neville Lawrence, alishawahi kumfanyia kazi ya plasta nyumbani kwake. Alikuwa ameshamuona mtu mwenyewe, jasho lake na kazi yake.

Na kwa usawa nikwambie na la upande wa pili, manake rafiki zako naona wamekaa kana kwamba Guardian ni la malaika. Machi 2023 wenye Guardian waliomba radhi rasmi kwa sababu mwanzilishi wake, John Edward Taylor, na wengi wa wafanyabiashara waliomchangia mtaji walikuwa wanahusika na utumwa, hasa kupitia pamba iliyolimwa na watumwa Marekani na kuletwa kwenye viwanda vya Manchester. Gazeti la huruma lilianza na hela hiyo. Wamelikubali wenyewe, wakaahidi kutumia zaidi ya pauni milioni 10 kwenye mpango wa fidia, nawapongeza, ila ukweli ni huo.

Kwahiyo mama, baba mkwe kuwa na Mail mezani kunakwambia nini? Kunakwambia huenda anapigia Conservative, na kwa hesabu za 2017 wasomaji wa Mail asilimia 74 walifanya hivyo. Kama atakupenda au la hakukwambii. Hata kuhusu Umoja wa Ulaya, 2016 Daily Mail lilisema tutoke na Mail on Sunday, ndugu yake wa Jumapili, nyumba moja mmiliki mmoja, likasema tubaki, kwahiyo mzee aliyekuwa ananunua yote mawili sijui ungemuweka wapi. Wengi wananunua kwa ajili ya mafumbo ya maneno, ukurasa wa afya, mpira na hali ya hewa, na wameshazoea tu toka mama zao walikuwa wanaletewa nyumbani.

Kazi ya mchumba wako ni hii: aongee na baba yake kabla hamjafika, amwambie wewe ni nani, unafanya nini, na kitu gani hatavumilia kikisemwa mbele yako. Hiyo ni kazi yake yeye mtoto wa nyumba, sio yako mgeni. Wewe nenda, uliza wanapenda uwaiteje, manake kwao wengi wanataka waitwe kwa jina la kwanza na wewe utaona kama unawakosea adabu, usiogope. Muulize mzee kuhusu bustani. Na kama likitoka neno baya kuhusu watu wa kwenu, usimeze kwa ajili ya amani ya meza, sema kwa heshima kwamba limekuuma, kisha mwangalie mchumba wako anafanya nini dakika hiyo. Hapo ndo utapata jibu la maana zaidi kuliko gazeti lolote.

Anti, mbona BBC hawaruhusiwi kuegemea chama lakini magazeti yanawaambia watu waziwazi wapigie nani kura? Sheria si moja? — Mdau, Reading

Sheria sio moja. Televisheni na redio ziko chini ya Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, na zinatakiwa kisheria zisiegemee upande kwenye siasa, hii inatokana na zamani mawimbi ya kurushia yalikuwa machache, kwahiyo serikali ikasema ukipewa nafasi hiyo ya umma uwahudumie wote. Karatasi haina mawimbi, yeyote mwenye hela anachapisha, na Waingereza walipigana sana kuyaondoa yale makodi waliyoyaita kodi za maarifa, kodi ya stempu kwenye magazeti ikafutwa 1855, mwaka huo huo Telegraph likazaliwa na likashusha bei. Tangu 2014 kuna IPSO inayosikiliza malalamiko, ila hiyo inaangalia usahihi na faragha, haikatazi gazeti kuwa na chama, na Guardian na Financial Times hata hawajajiunga nayo, wana taratibu zao za ndani. Mimi binafsi naona bora gazeti liseme wazi liko wapi kuliko kujificha, tatizo langu ni pale maoni yanapopandishwa kichwa cha habari yakavaa nguo za habari.

Habari Anti. Siku hizi nani anashika gazeti? Wote tunasoma kwenye simu, hizi stori za msomaji wa hili na lile si zimeshakufa? — Wa Kwenye Basi, Birmingham

Nzuri. Hazijafa, ila zimehama, na zilipohamia ni kwenye hela. The Independent liliacha karatasi Machi 2016 likabaki mtandaoni tu. Sun lililokuwa linauza nakala kama milioni 4 kwa siku enzi zake, toka 2020 limeacha kutangaza hata linauza ngapi. Times likafunga geti la malipo kwenye tovuti yake 2010, Telegraph nalo linalipiwa, wakati Guardian limebaki wazi linaomba michango kwa hiari, na tovuti ya Mail kwa miaka mingi ilikuwa bure kabisa na ndo ikawa moja ya zinazosomwa zaidi duniani, ikiwa ni pamoja na watu wengi ambao ukiwauliza watakwambia Mail hawaligusi. Kwenye simu hakuna anayekuona umekunja nini kwapani, kwahiyo msomaji wa Guardian anapitia habari za mastaa kwenye Mail usiku na kesho yake anaendelea kuwa msomaji wa Guardian.

Kilichobaki ni lile jina kutumika kama rungu, kama alivyofanyiwa mwenzenu wa Leeds. Na kwenu nyie wageni kuna njia rahisi ya kujua haya mambo bila kutoa senti. Kadi ya maktaba ya umma ni bure, na maktaba nyingi za huko ukishakuwa na kadi wanakufungulia magazeti na majarida kwenye simu kupitia programu yao. Chukua tukio moja, tuseme serikali imetangaza kitu kuhusu viza, lisome kwenye Telegraph, halafu Mirror, halafu Financial Times, siku hiyo hiyo. Angalia nani kahojiwa na nani hakuulizwa kitu. Ukifanya hivyo wiki moja niandikie, nataka kujua umeona nini.